Bure Haifuti Jina

Kwenye maduara ya dhahabu ya Geita hakuna anayeuliza kama jasho lina mwenyewe. Mifuko ya mawe ikitoka shimoni, mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, wanaapolo wanaochimba lao. Hata marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, yana mtu wa kuyadai. Lakini mtu huyo huyo akitaka tovuti ya gesti au ya duka la vipuri vya karasha pale Kahama, humwendea kijana wa stesheneri, naye hupakua kiolezo cha bure, hubadili rangi na picha, hufuta ule mstari mdogo wa chini unaomtaja aliyekisanifu, kisha huandika jina lake mwenyewe.

Sidhani kijana anajiona mwizi. Ameambiwa kitu ni bure, akaelewa kwamba hakina mwenyewe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, haisemi hivyo. Dhahabu iliyo ardhini huwezi kuidai bila leseni. Lakini kazi ya ubunifu, programu za kompyuta zikiwemo, inalindwa tangu ilipoumbwa, isajiliwe isisajiliwe. Tena sheria hiyo imetenga haki ya kunufaika na kazi na haki ya kutambuliwa kuwa ndiwe uliyeifanya. Msanifu anaweza kusamehe fedha yote na bado akabaki na jina.

Hata hivyo, bure ziko za namna nyingi, na hapa watetezi wa wasanifu nao huteleza kwa kudai kila kiolezo kibaki na jina usoni. Leseni za Creative Commons zenye sharti la kumtaja mwandishi zinataka atajwe na mabadiliko yaelezwe. Leseni ya MIT inataka tamko la hakimiliki libaki ndani ya msimbo, hata kama mgeni wa tovuti halioni. Ile ya CC0 haidai chochote. Kwa hiyo kabla ya kufuta, kijana afungue faili la leseni asome. Ni dakika chache.

Mteja naye ana hoja yake: kwa nini ukurasa wa shule ya Shinyanga umtangaze mtu asiyemjua? Hoja hiyo naiheshimu, ila dawa yake si kifutio. Wasanifu wengi huuza leseni isiyo na sharti la mstari ule. Asiyetaka kulipa auache, au, leseni ikiruhusu, auhamishie kwenye ukurasa wa maelezo.

Kinachoniuma zaidi ni kijana wetu anayesanifu mwenyewe, akagawa kazi yake bure ili ajulikane. Jina ndilo malipo pekee aliyoomba. Likifutwa, kazi inazunguka Kanda ya Ziwa nzima na yeye hapati hata simu moja ya mteja. Kumwambia aende mahakamani kwa kazi ambayo hakuitoza hata shilingi ni kumtania. Ningependa COSOTA, iliyokabidhiwa ulinzi wa haki hizi, imsikilize huko huko aliko, kwa utaratibu mwepesi wa usuluhishi usiomlazimu kupanda basi hadi Dar es Salaam. Na siku ya kukabidhi tovuti, makubaliano yaandike kiolezo kimetoka kwa nani na kwa leseni gani, mwenye gesti atie saini akiwa ameyasoma, kama anavyosoma mgao wa duara kabla mfuko wa kwanza haujatoka.