Kuume au Kushoto?

Wako wanafunzi wenzangu wasemao kwamba mambo ya nyota ni ya watu wa mbali wenye madarubini makubwa, na sisi wa Mtwara yatutosha kuyakariri kwa ajili ya mtihani. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Mwezi wa Novemba, usiku usio na mbalamwezi wala mawingu, mtu akisimama ufukweni Msimbati kiasi cha saa tatu na kutazama kaskazini, ataona doa la nuru hafifu. Hiyo ni Andromeda, galaksi yenye nyota mabilioni kwa mabilioni. Nuru yake imesafiri miaka kama milioni 2.5 kutufikia. Akigeuka kusini ataona galaksi nyingine, Wingu Dogo la Magellan, ambalo mtu wa London hawezi kuliona asilani akiwa kwao.

Galaksi nyingi huzunguka kama pia ya watoto, na kwa kawaida mikono yake iliyojikunja hutuonyesha zazunguka upande gani. Mzunguko huo ulianza zamani mno, galaksi zilipokuwa bado mawingu yenye kuvutana. Ndiyo maana wataalamu huutafutia humo habari za ulimwengu ulipokuwa mchanga. Sasa fikiri gurudumu la baiskeli inayokwenda mbele. Aliye upande wa mnyororo huliona likizunguka kama mishale ya saa, na aliye upande wa pili huliona likizunguka kinyume. Basi, ikiwa mwanzo wa ulimwengu haukupendelea upande wowote, yapasa galaksi tuzionazo zigawanyike karibu nusu kwa nusu.

Mwaka 2007 mradi uitwao Galaxy Zoo uliwaomba watu wa kawaida wazitazame picha za galaksi karibu milioni moja. Watu zaidi ya 100,000 waliitikia, wala hawakuulizwa vyeti. Hesabu ikaonyesha kuwa zizungukazo kinyume cha saa zimezidi! Lakini wenye mradi hawakupiga vigelegele. Walizigeuza baadhi ya picha kama zionekanavyo katika kioo, wakawaonyesha watu. Kama tofauti ile ilikuwa mbinguni, ingalipasa nayo igeuke. Haikugeuka, bado kinyume cha saa kilizidi. Upendeleo ulikuwa wa watazamaji, si wa galaksi.

Mwaka 2025 Lior Shamir wa Marekani alitangaza kwamba katika galaksi 263 zilizopigwa picha na darubini ya James Webb, zile zizungukazo kinyume cha galaksi yetu zimezizidi nyingine kwa kiasi cha nusu. Tofauti hiyo si ndogo, nami siidharau. Ila watafiti wengine waliozipima upya hesabu zake za awali hawakuona upendeleo wowote, na mimi bado sijasadiki.

Badala ya kubishana bwenini kwa sauti kubwa, naomba chama chetu cha sayansi kihesabu chenyewe. Picha za galaksi ziko wazi kwa kila mtu. Mwalimu mmoja achague 200, nusu yake azigeuze kwa siri, asituambie ni zipi mpaka tumekwisha kuandika majibu. Wazazi wajao siku ya kufunga shule nao waketi mezani wahesabu pamoja nasi, hata wale wasiosoma fizikia. Kazi hii yataka macho na subira tu.