Mtu mzima na historia ya sanaa: nani alisema amechelewa?

LUBUDI – Mama mwenye miaka hamsini akisema hapa Lubudi kwamba anakwenda kujifunza ushoni, watu wanamsifu. Akisema anataka kujifunza historia ya sanaa, kwa furaha yake tu, wanacheka. Diplome hiyo ataipeleka wapi, kwenye simenti ao kwenye shaba?

Wanaocheka wamesahau saluni za wazazi wao. Miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi wa Katanga zilikuwa na picha ukutani: mamba muntu, ao ile ya Colonie Belge, ambamo askari mweusi anamchapa mfungwa mweusi fimbo na mzungu anasimama kando, anaangalia. Mtoto akiuliza kwa nini anayepiga ni mweusi mwenzake, mzee alipaswa kutafuta jibu. Masomo yenyewe ndiyo hayo.

Wakati ule Tshibumba Kanda-Matulu, mzaliwa wa Lubumbashi, alichora historia ya inchi katika picha 101, akamweleza profesa Johannes Fabian picha moja moja kwa Kiswahili cha huku. Alijiita mwanahistoria. Leo picha hizo ziko makumbusho ya Amsterdam, na kitabu kilichotoka mwaka wa 1996 ni cha Kiingereza. Mwanafunzi wa Ulaya anaweza kuzisomea hata apate diplome. Mstaafu wa Lubudi, aliyezikuta picha za namna hiyo ukutani kwao, anaambiwa ni upuzi!

Wanaosema Lubudi inahitaji kwanza maji na barabara, wanasema kweli. Lakini mzee anayefungua kitabu jioni hachukui bomba la mtu. Na bia za siku ya mshahara, nani anauliza zinaleta faida gani?

Ubaya uko katika kuamini kwamba shule ni mlango wa kampuni tu. Tangu Union Minière, watu wa huku walifundishwa ili wafae kazini. Union Minière ikawa Gécamines, lakini mafikiri hayakubadilika.

Lubumbashi kuna shule ya sanaa na makumbusho ya taifa. Wa kufundisha wapo. Lubudi inatosha darasa moja lifunguliwe jioni, mara moja kwa juma, na mwalimu alipiwe nauli. Na wenye picha za zamani nyumbani wasiziuze kwa wapita njia. Wazilete darasani.