MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Timu Iliyoanza Tena Chini



Iko aibu moja iwafungayo watu wengi mikono, nayo ni aibu ya kuanza chini. Fundi aliyepotewa na duka lake huona haya kukaa barazani na sindano moja. Kijana aliyekuwa wa kwanza shuleni huikataa kazi ndogo, akingojea kubwa isiyokuja. Mwezi huu nataka kuwasimulieni habari za timu ya mpira, maana ndani yake mna dawa ya aibu hiyo.

Huko Wimbledon, upande wa kusini-magharibi wa London, palikuwa na timu iliyoanzishwa mwaka wa 1889. Kwa miaka mingi ilicheza na timu ndogo ndogo, hata mwaka wa 1977 ikapokewa katika Football League, ligi ya timu kubwa za Uingereza. Mwaka wa 1988 ilifika Wembley kushindania Kombe la FA na Liverpool, mabingwa wa nchi. Lawrie Sanchez akatia bao, golikipa Dave Beasant akaizuia penalti, na kombe likaenda Wimbledon.

Lakini furaha haikudumu. Viwanja vya timu kubwa viliamriwa viwe na viti kwa watazamaji wote, na kiwanja chao cha Plough Lane hakikufaa. Mwaka wa 1991 wakahama, wakawa wapangaji katika kiwanja cha Crystal Palace. Baadaye wenye timu wakaomba ruhusa kuihamishia Milton Keynes, mji ulio mbali yapata maili 56. Tarehe 28 Mei 2002 watu watatu waliowekwa kuamua shauri hilo wakatoa hukumu: wawili walikubali, mmoja alikataa, na ruhusa ikatolewa. Tena walisema katika hukumu yao kwamba wapenzi wa timu wakianzisha timu yao wenyewe, jambo hilo halitakuwa na faida kwa mchezo kwa jumla.

Fikirini, ndugu zangu, jinsi neno hilo lilivyowachoma. Mtu aliyepelekwa kiwanjani na baba yake, naye akawapeleka wanawe, aliambiwa kwamba timu si yake, na kwamba hata kujaribu kuanza upya hakufai. Njia zao zilikuwa tatu: kuifuata timu katika mji wa watu wengine, au kukaa nyumbani na uchungu wao, au kuanza tena. Wengi wakaichagua ile ya tatu.

Hawakukawia. Baada ya siku mbili tu timu mpya ilikwisha pewa jina, AFC Wimbledon. Wachezaji hawakuwako hata mmoja, basi mwezi wa Juni wakatangaza kwamba kila ajuaye kucheza aje kujaribiwa katika mbuga ya Wimbledon. Wakaja watu kiasi cha 230. Mchezo wa kwanza, wa kirafiki, walifungwa na Sutton United mabao manne kwa bure. Walakini watazamaji walizidi 4,600.

Nao waliingia ligi gani? Si ile waliyoizoea. Waliingia Combined Counties League, ligi ya wilaya zilizo karibu na London, ambamo wachezaji walikuwa na kazi zao nyingine siku za juma. Tarehe 17 Agosti 2002 wakaenda kucheza na Sandhurst Town, wakashinda mabao mawili kwa moja. Watu waliokuwa wameliona Kombe la FA likiinuliwa Wembley sasa walisimama kandokando ya kiwanja kidogo cha kijijini, nao hawakuona haya.

Msimu wa kwanza walikuwa wa tatu. Msimu wa pili walicheza michezo 46: wakashinda 42, wakatoka sare minne, wasishindwe hata mmoja. Toka hapo wakapanda ngazi moja baada ya nyingine, mara tano katika misimu tisa, hata Mei 2011 wakaishinda Luton Town kwa penalti na kuingia katika ile Football League iliyochukuliwa mikononi mwao. Sasa ilikuwa timu kamili ya wachezaji wa kulipwa.

Siri yao ilikuwa nini? Waliifanya timu kuwa mali ya chama cha wanachama, na kila mwanachama ana kura moja, awe tajiri au maskini. Waliapa moyoni kwamba hakuna mtu mmoja atakayeweza tena kuichukua na kuihamisha. Mwaka wa 2019, walipokuwa wakijenga kiwanja kipya Plough Lane, fedha zilipungua, na lilitokea shauri la kuwaingizia matajiri wa nje. Wanachama na marafiki zao wakaamua kukikopesha chama chao wenyewe, zikapatikana zaidi ya pauni milioni 5. Tarehe 3 Novemba 2020 timu ilicheza nyumbani tena, baada ya miaka 29. Lakini kwa ajili ya maradhi ya korona milango ilifungwa. Waliotoa fedha zao walitazama mchezo wakiwa majumbani mwao. Nadhani machozi yao siku ile yalikuwa ya namna mbili.

Tusiwahukumu watoto wa Milton Keynes. Wao waliipenda timu waliyoletewa, na hawana kosa. Tena mwaka wa 2007 timu ya kule iliyarudisha makombe na kumbukumbu za zamani kwa wilaya ya Merton, ambamo Wimbledon imo. Wala msidhani waliopanda hawakuanguka tena. Mwaka wa 2022 walishuka ngazi moja, na mwaka wa 2025 wakapanda tena.

Basi, wazazi, someni habari hizi mbele ya watoto wenu jioni, mkawaulize: Kitu chetu kikichukuliwa, tutakaa kukihesabu, au tutaondoka kesho asubuhi kutafuta kiwanja kidogo? Wahenga walisema, Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Lakini kamba isiyopitishwa mara ya kwanza, haitakata kitu.

Kwaherini hata mwezi ujao.