NAIROBI IKO KARIBU NA NANI?

Aisifuye mvua imemnyea, walinena wahenga. Lakini katika mdahalo wetu wa muhula uliopita, wengi tulioisifu ndege hatujawahi hata kukanyaga ngazi yake! Hoja ilikuwa eti "Nairobi sasa iko karibu." Walioiunga mkono walishinda kwa hesabu moja tu: kutoka Kisumu hadi Nairobi kwa ndege ni dakika 50 hivi, ilhali kwa basi ni kilomita zipatazo 350 na kutwa nzima kitini. Makofi yakapigwa. Mimi nilipinga na hadi leo napinga.

Hebu tuhesabu pamoja. Dakika hizo 50 zinaanzia kwenye kiwanja cha Kisumu. Sisi wa Luanda Kotieno (si Luanda ya Angola wala ile ya Vihiga, msije mkapotea) twapanda matatu, twangoja ijae, twapita Ndori, Akala na Kisian. Muda wa saa mbili umekwisha, na bado sharti uwe kiwanjani mapema kabla ndege haijaruka. Ukitua Embakasi, unapokewa na msongamano wa magari. Kumbe huko angani ndiko kipande kifupi kabisa cha safari! Nauli hata sijaigusa.

Si kwamba naichukia ndege, la. Tena si mgeni kwetu. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways kutoka Uingereza zilitua Kisumu, nyingine juu ya maji ya ziwa hili hili. Kabla yake, mwaka wa 1901, reli ilikuwa imeshafika. Lakini tazama: kila chombo kipya huja Kisumu ili kiende mbali, nasi wa kandokando ya ziwa twabaki kupunga mkono. Meli zilizokuwa zikitia nanga Kendu Bay, Homa Bay na Asembo Bay, ambazo wazee wetu walizipanda, ziko wapi? Wengine watasema gugumaji limeziba njia. Sawa, gugumaji lipo, lakini mbona wavuvi hupita?

Shangazi yangu hutoka Mbita akileta mbuta sokoni Bondo. Kwa feri, kuvuka hadi hapa kwetu ni kama saa moja tu, manake hapa ndipo mdomo wa ghuba ulipo. Kuzunguka kwa barabara kupitia Homa Bay na Kisumu ni zaidi ya kilomita 200. Jioni moja alichelewa, akaikosa feri ya mwisho. Alilala gatini kando ya sanduku lake, barafu ikiyeyuka, huku akiziona taa za kwetu ng'ambo. Asubuhi alivuka na samaki akawauza kwa bei ya kutupa. Je, angekuwa mgonjwa?

Ndiyo maana nasema, kabla ya kuongeza ndege, tuongezewe feri ya usiku, na chombo cha kutoka gati letu moja kwa moja hadi Kisumu. Nanyi wenzangu mlioshinda, muhula ujao turudie mdahalo. Hoja yangu nimeshaiandika: Mbita iko mbali kuliko Nairobi.