ETI TEMBO WA KENYA!



Katika mkutano wa wanachama uliopita, ilipofika habari ya mahindi yaliyoliwa, alisimama mwenzetu akasema: "Hao ni tembo wa Kenya. Wakivuka huku wapigwe tu, shauri yao." Watu wakapiga makofi. Sisi wa kamati ya gazeti hili la ukutani hatukupiga, na leo tunaeleza kwa nini. Tunajua tutalaumiwa. Haya, tulaumiwe.

Hivi huyo tembo wa Kenya ni yupi? Mpaka huu walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wao wakiwa huko kwao Ulaya. Mstari ulipofika mlimani ukapindishwa, Kilimanjaro ikabaki upande wa Mjerumani. Wapo wanaosimulia kuwa Malkia wa Uingereza alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi. Hiyo ni hadithi tu, wala hatuihitaji, maana ukweli wenyewe unatosha kuudhi. Hakuulizwa mzee wa Kimasai wala Mchaga, sembuse tembo. Tembo ana njia yake: anatoka msituni juu, anashuka Kitendeni, anakata mbuga mpaka vinamasi vya Amboseli, halafu anarudi. Akiwa kule ni mali ya Kenya. Akipita jiwe la mpaka ni mali ya Tanzania. Kesho akirudi kunywa maji kabadili uraia tena! Mbona sisi wenyewe tunavuka kwenda mnadani Loitokitok na mashemeji tunao kule, na hakuna anayesema tupigwe?

Na hayo maji ya Amboseli yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mlima huu. Mvua inanyesha msituni kwetu, inazama kwenye miamba, inapita chini kwa chini, inakwenda kuibuka chemchemi upande wa pili. Msitu uko kwetu, kinamasi kiko kwao. Mtu akiunguza mlima, kama ulivyoungua Oktoba 2020, akikata miti ya juu kwa siri akauza mbao, anamkausha ng'ombe wa Mkenya, anamkausha na tembo, na tembo akikosa maji na majani kule atayatafuta wapi? Shambani kwako, bwana. Kwa hiyo yule aliyesema "shauri yao" ajue kuwa shauri ni letu pia.

Sasa tuje penye uchungu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Huku kwetu uwindaji wa leseni ni halali. Sheria mbili, tembo mmoja. Mwaka 1994 madume wakubwa wa Amboseli walipigwa risasi upande wetu, kelele zikawa nyingi, na baada ya hapo yakapatikana maelewano kwamba tembo wa eneo hili la mpakani wasiwindwe. Uwindaji ukasimama kwa karibu miaka 30. Lakini maelewano ni maneno, na maneno hayana muhuri. Kuanzia Septemba 2023 mpaka katikati ya 2024 madume wasiopungua watano wakaangushwa huku, katika eneo la Enduimet. Walioangusha walikuwa na vibali. Hapo ndipo penye ugonjwa, ndugu! Jambo kubwa kama hili mabwana wakubwa wa nchi mbili waliliacha likae kwa kauli, kama mtu anayekopesha gunia la maharage bila kuandika daftarini. Mwanachama gani wa ushirika huu angekubali hesabu ya namna hiyo?

Tunasikia jibu lao: uwindaji unaleta fedha, na sehemu ya ada inarudi vijijini. Ni kweli, hatukatai. Darasa na zahanati havijengwi kwa hewa. Lakini tupige hesabu kama wanaushirika. Dume mwenye pembe za kilo 45 kila upande hakui kwa msimu mmoja kama mtama. Watafiti wako Amboseli tangu 1972, wanawafahamu tembo mmoja mmoja, na wameonyesha kuwa dume hupata majike sana akishapita miaka 35. Ukimpiga wakati huo umeuza ng'ombe pamoja na ndama ambao hawajazaliwa. Tena madume hawa wamezoea magari ya watalii, wanasimama kupigwa picha. Mwenye bunduki anasogea tu. Hilo nalo linaitwa ushujaa! Akishauzwa mara moja basi, kwisha. Akiwa hai, mgeni wa mwaka huu atamlipia, na wa mwaka ujao atamlipia.

Lakini sisi hatuandiki kuwafurahisha wenye mahoteli. Maana upande wa pili nao wana lao. Picha zote nzuri za Kilimanjaro na tembo mbele yake hupigwa Amboseli, fedha za geti zinabaki kule, na tembo wakishashiba picha wanakuja kumalizia chakula chao kwenye mahindi ya mama mjane wa huku. Wanaolia kwa sauti kubwa dume akipigwa risasi, mbona hatujawasikia wakilia debe moja la mahindi? Ukipenda tembo, penda na yule anayelala shambani akipiga debe usiku kucha.

Tazama na hili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa mtu aliyeuawa na mnyama, ingawa wenzetu wanalalamika kuwa huchelewa mno. Kanuni zetu za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 za Tanzania. Shilingi ya Kenya na yetu hazilingani, kila anayekwenda mnadani anajua. Basi tembo yule yule akiua watu wawili kwa siku moja, mmoja kila upande wa jiwe, marehemu wa huku ni rahisi mara nyingi kuliko wa kule. Nani aliyepanga bei hii?

Wezi wa pembe wao walikwisha kufanya jumuiya yao zamani. Kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walihesabiwa kushuka kutoka 109,051 hadi 43,330, na pembe nyingi za bara zilipitia bandari ya Mombasa. Wezi hawakugombana nani ni Mkenya nani ni Mtanzania. Wakati huo bwana nyama wa huku akifika kwenye jiwe la mpaka anasimama, anaangalia vumbi.

Na si kwamba hakuna karatasi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapo Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Ibara ya 116 inazitaka nchi wanachama ziwe na sera ya pamoja ya wanyamapori, zilinganishe kanuni, zipeane habari, zishirikiane kuzuia ujangili. Tumeisoma. Ni nzuri. Lakini imekaa kabatini, na tembo hapiti kabatini, anapita Kitendeni. Na hiyo njia ya Kitendeni inazidi kufinywa na mashamba. Wapo wenzetu wachache, tunawajua na wao wanajua kuwa tunawajua, wanaojikatia ekari katikati ya njia, kisha wakiliwa wanakuja ofisi ya ushirika kudai. Hao tunawaambia wazi: ushirika usiwape mbegu za mkopo kwa mashamba hayo.

Tunachodai ni kwamba maelewano ya mpakani yaandikwe na kutiwa saini na serikali zote mbili, na mpaka hapo yatakapoandikwa, bunduki ya leseni ikae mbali na njia hii. Askari wa pande mbili wawe na redio zinazosikilizana. Sehemu ya fedha za geti, za huku na za kule, iingie mfuko mmoja wa kulipa mazao na watu, kwa kiwango kimoja. Na wanapokaa kuzungumza, wakulima na wafugaji wa pande zote mbili wawe mezani, siyo kuletewa taarifa.

Barua imekwisha kuandikwa, iko kwa katibu. Itasomwa ghalani siku ya kupima mazao, kabla mizani haijafunguliwa, ndipo ipelekwe Serikali ya Kijiji. Nakala moja itavushwa kwa wenzetu wa Loitokitok nao watie saini zao. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba, wino upo. Anayepinga naye aje, aseme mbele ya watu.

Kamati ya Gazeti la Ukutani