Hakuna Anayekuita Upige Saa Saba

Demo yangu ya kwanza ilikuwa uongo wa dakika 30. Ilikuwa na ngoma 41, na nusu yake sikuipiga kwa mikono yangu. Niliikata na kuibandika kwenye kompyuta ya saiba niliyokuwa nafanyia kazi Umoja, usiku baada ya kufunga. Kila baada ya dakika mbili king'ora kililia, kisha sauti nzito ya Mmarekani nisiyemjua ikataja jina langu. Mabeshte walisema ni moto. Mimi pia niliamini ni moto.

Na ilinipatia kazi. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo.

Ilikuwa klabu moja ya Thika Road, Alhamisi moja ya 2022, saa mbili hadi saa nne usiku. Nilimwambia mathee nimepata kazi ya usiku. Akaniombea hapo hapo mlangoni bila kuuliza ni kazi gani. Nilipofika nilikuta watu 11. Nawakumbuka kwa sababu niliwahesabu. Watano walikuwa meza moja na sinia ya nyama, wawili walikuwa wanagombana kwa sauti ya chini, na waliobaki walikuwa kwenye simu.

Nikawasha moto. Nilianza na ile ngoma ambayo watu huililia saa saba usiku, nikafuatisha nyingine kama hiyo, na nyingine. Kufika saa mbili na nusu nilikuwa nimechoma hiti zote za mwaka. Mama mmoja wa ile meza ya nyama akamwita weita, akanionyesha kidole. Weita akaja: "Bro, madam anauliza kama unaweza kupunguza, hawasikizani." Nikapunguza. Sasa, bila kelele ya kunificha, kila mtu akasikia ukweli. Kuunganisha ngoma mbili kulikuwa kunanishinda. Mapigo yaligongana kama makanga wawili wanaong'ang'ania abiria mmoja.

DJ mwenye usiku wake alifika saa nne kasorobo. Akasimama nyuma yangu, akaangalia orodha ya nilizopiga. Hakufoka. Alisema tu, "Buda, wageni hawajafika na wewe umemaliza chakula chote."

Sikulipwa. Simu nazo hazikushikwa tena.

Siku hizi vijana wananitumia demo zao kwa WhatsApp, wakitaka maoni. Karibu zote ni ileile yangu ya 2022, zimebadilishwa jina tu. Kwa hivyo acha niseme wazi: ushauri tunaopeana kuhusu demo ya kwanza ni mbaya, na unawanyima watu kazi. Tunaambiana fupisha, jaza hiti, onyesha kila ujanja unaojua, washangaze. Wasee, hatuombwi kushangaza mtu. Tunaombwa kukaa na watu.

Najua tulikotoa hii tabia. Wengi wetu tulijifunza muziki ndani ya matatu. Miksi ya matatu ina kazi yake: ishinde honi, imshinde makanga, imvute abiria aliye steji kabla hajapanda gari la nyuma. Abiria anakaa nayo nusu saa, anashuka. Kwa kazi hiyo, ngoma 41 ndani ya dakika 30 ni sawa kabisa, na mimi bado naipenda. Lakini klabu si safari ya kutoka Umoja hadi tao. Mtu anaingia saa mbili na unataka abaki hadi saa nane. Ukimpiga na kila kitu dakika ya kwanza, huna cha kumfanya angoje.

Tupige hesabu. Saa saba ina mwenyewe. Amekaa pale miaka, jina lake liko kwenye bango, na hakuna meneja mwenye akili timamu atamwondoa ili akujaribu wewe. Nafasi iliyo wazi kwa mgeni ni moja: ile ya mwanzo, wakati baunsa bado anatafuna njugu na viti havijashushwa vyote. Sasa mbona unaomba kazi ya saa mbili kwa kutuma demo ya saa saba? Ni kama kuomba kazi ya upishi kwa kuonyesha unavyojua kula.

Na usiniambie kwamba kufungua usiku si sanaa. Tarehe 11 Agosti 1973, kwenye jengo la 1520 Sedgwick Avenue huko Bronx, New York, DJ Kool Herc alipiga kwenye pati aliyoiandaa dada yake ili apate pesa za nguo za shule. Herc alikuwa amegundua kwamba wachezaji hungoja sehemu moja ya ngoma, pale ngoma na besi zinapobaki peke yake. Akatumia nakala mbili za santuri moja ili airefushe sehemu hiyo. Hip hop inahesabu kuzaliwa kwake kuanzia pati hiyo. Kabla mikono yake haijafanya kitu, macho yake yalikuwa yameangalia watu. Demo zenu zinaniambia mnaangalia skrini.

Basi tengeneza demo ya saa mbili usiku. Dakika 45 hadi 60. Ngoma 14 au 15 zinatosha, na kila moja uiache ipumue. Anza chini, labda mapigo 95 kwa dakika, panda polepole, ufike kwenye 112 hivi ambako amapiano inakaa. Usiogope muziki wa wazazi. Gitaa la Les Wanyika, bendi iliyoundwa hapa Nairobi 1978, linaweza kufungua usiku vizuri kuliko king'ora chochote, na yule mama wa nyama ataimba bila kujua kwamba anaimba. Kutoka hapo nenda kwenye genge, kisha Arbantone, ambayo yenyewe imejengwa juu ya midundo ya zamani. Hapo tayari umeonyesha kwamba unajua njia.

Ufundi uwe wa kimya. Ngoma nyingi za kucheza zinajengwa kwa mafungu ya mapigo 32, kwa hivyo ingiza mpya fungu linapoanza, si katikati ya sentensi ya mwimbaji. Besi mbili zisikae pamoja: unapoleta ya mpya, shusha ya zamani. Taa nyekundu kwenye mikisa zisiwake, kwa sababu ile si nguvu, ni sauti inayopasuka. Faili ulizochomoa YouTube zinadanganya kwenye earphone, lakini spika kubwa zitakuanika. Tafuta MP3 za 320 au WAV. Kitufe cha sync sina vita nacho, bora siku kikikataa masikio yako yajue la kufanya.

La mwisho ndilo muhimu zaidi: irekodi mara moja, kwa mikono, mwanzo hadi mwisho. Ukikosea kidogo, acha kosa libaki. Mimi nikisikia kosa dogo na jinsi ulivyotoka ndani yake, nakuamini zaidi. Pale klabu hakuna kufuta.

Nasikia mnavyonijibu. "Meneja anasikiliza dakika moja tu, nikianza polepole atafunga." Ni kweli. Basi usimpe meneja kwanza. Mpe DJ mwenye usiku wake, kwa sababu ndiye atakayeumia ukimaliza chakula. Nenda Alhamisi, nunua soda yako, fika mapema kuliko kila mtu, sikiliza hiyo saa ya mwanzo inavyoenda. Mwongeleshe akimaliza, si akiwa na hedfoni sikioni.

"Siku hizi wanauliza folowasi, hawaulizi demo." Hilo pia ni kweli, na hapa sitawalaumu vijana. Nawalaumu wenye klabu. Ukimuuliza DJ mgeni ana folowasi wangapi, hutafuti mpiga muziki. Unatafuta mtu wa kukutangazia biashara bure, kisha akuburudishie wateja bure, halafu saa kumi usiku umwambie amepata jina. Jina halinunui unga. Jina halilipi teksi ya kurudi nyumbani, na kwa dada zetu wanaopiga, hiyo teksi ni suala la usalama kabla iwe suala la starehe.

Mnasema saa za mwanzo hazina watu, kwa hivyo hazina malipo. Mmepindua hesabu. Wale 11 ndio wanaoamua kama watakuwa 60. Anayeingia saa tatu huchungulia kwanza mlangoni. Akikuta meza imetulia, watu wanaongea, miguu inagonga sakafu chini ya meza, anaingia. Akikuta kelele na viti vitupu, anaenda kwa jirani yako. Anayefungua usiku anauza nyama na vinywaji vyenu saa ambazo mnakula hasara. Mlipe. Demo inaweza kuwa ya bure. Usiku hauwezi.

Na wewe mdogo wangu, siku ya kuulizwa "utapiga bure?", usiseme "sawa tu" kwa aibu. Kila anayekubali bure anamshushia bei anayekuja nyuma yake. Mimi nilikubali kutolipwa ile Alhamisi kwa sababu nilijua nimeharibu. Nilikosea hata hapo. Ningeomba nauli na niombe msamaha, vyote viwili.

Nilitengeneza ya pili baada ya miezi saba. Dakika 50, ngoma 15, hakuna king'ora, jina langu halitajwi popote. Nilimpelekea yule yule DJ aliyenikuta nimemaliza chakula. Aliisikiliza kwa gari lake, dirisha wazi, kama dakika kumi. Kisha akasema, "Hii naeza kula nayo nyama."

Akanipa Alhamisi, saa mbili hadi saa nne, na tukakubaliana pesa kabla sijafungua begi. Walikuwapo watu 13. Kwa saa nzima hakuna aliyecheza. Hakuna aliyeondoka pia. Saa nne nilipomwachia kiti, meza zilikuwa zimejaa, na hiti zake zote alizikuta pale pale zilipokuwa.