Mwanafunzi wa Tudor atakula wapi?

Mgeni akija Mombasa twamwelekeza Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa 1593, kisha Mji wa Kale, na jioni muhogo wa kukaanga na madafu pale Lighthouse. Sawa. Lakini huu pia ni mji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko Tudor tangu enzi za MIOME, na mwanafunzi hashibi mandhari. Mimi diploma yangu niliipata kwa mahamri na mbaazi za mama mmoja wa kando ya barabara, mara nyingi kwa deni. Hoteli za ufukweni hazikopeshi mtu! Basi vibanda vikibomolewa kwa jina la kusafisha mji, akina mama hawa waonyeshwe kwanza pa kuhamia, karibu na lango la chuo, si Kongowea.